Masega ya Moto na Maharage ya Mbulumbulu

Kila nikipita gereji mnaniuliza: "Babu Ramadhani, hivi haya masega ya kwenye bomba la moshi yana kazi gani?" Kabla sijajibu, mmoja wenu ameshawasha grenda. Basi leo zimeni hiyo grenda mkae. Sitasimulia kwa mpangilio, maana kichwa changu siku hizi kinatoa mambo kama sanduku la spana: unataka namba kumi na nne, inatoka kumi na saba kwanza. Lakini vyote vimo humo, mkinivumilia tutavipata.

Mimi nilikuwa fundi wa ekzosi, yaani mabomba ya moshi, hapa Karatu. Wenzangu walikimbilia injini, kwa sababu fundi wa injini huitwa injinia hata na watu wasiomjua. Mimi nilibaki chali chini ya gari, vumbi jekundu likiniingia masikioni, na sijutii hata kidogo. Dereva atakwambia anabadilisha oili kwa wakati, atakwambia anajaza mafuta kituo kizuri, atakwambia gari halijawahi kuchemsha tangu alinunue. Wewe itikia tu, halafu nenda nyuma upitishe kidole ndani ya mdomo wa bomba. Ukikuta masizi makavu meusi, gari linakunywa petroli kuliko linavyoweza kuichoma. Ukikuta utelezi, linaunguza oili. Nimesuluhisha ubishi mwingi kwa kidole kimoja, na mke wangu hakuruhusu kidole hicho kiguse unga mpaka nimekisugua kwa majivu.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athumani, Mrangi mwenzangu wa kutoka Kondoa, mfupi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kucheka. Alikuwa na kofia ya kitambaa aliyopimia magari. Aliishika mbele ya bomba, injini ikiwaka, na kuitazama inavyopepea. Ikisukumwa kwa mapigo yaliyo sawa, injini ni nzima. Ikisukumwa kinyonge, njia imeziba. Ikisukumwa halafu mara inavutwa kurudi bombani, valvu haifungi vizuri. Leo mnachomeka mashine chini ya usukani, inawaandikia namba za tatizo, na mimi nawapongeza, kwani macho yangu yangeipenda mashine hiyo. Ila mjaribu na kofia siku moja. Mkewe aliifua kofia ile kila jioni na kila jioni aliilalamikia, na Mzee Athumani alisema hiyo ndiyo ada yake ya chuo.

Magari yenye masega yalipoanza kuwa mengi huku, mafundi wa mji mzima waliyakata. Walisema gari lipumue. Mzee Athumani alikata sega la kwanza, akalipasua, akakaa nalo mapajani asubuhi nzima akiangalia vile vijitundu vidogo vidogo vya kauri vilivyopangana kama sega la nyuki. Mwisho akasema, "Hawa watu waliotengeneza gari hawawezi kubebesha chuma kizito hivi kwa ajili ya mapambo." Hakukata tena, akatafuta mpaka akapata mtu wa kumweleza, dereva mmoja wa watalii aliyewahi kusomea ufundi Arusha. Mzee alimpa chai na maandazi ili asiharakishe maelezo.

Maelezo yenyewe ndiyo haya, nayatoa bila chai. Injini ya petroli haichomi mafuta yote sawasawa. Inatoa kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, na inatoa mvuke wa petroli isiyoungua, na gesi nyingine zinazowasha macho na kifua. Vile vijitundu vimepakwa madini ya thamani. Moshi ukipita humo, madini yanaigeuza sehemu kubwa ya sumu kuwa hewa kama ile tunayoitoa puani na mvuke wa maji. Ndiyo maana asubuhi ya baridi unaona bomba la gari zima linadondosha matone. Lakini masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Yanataka joto, na yakishalipata, ukiyagusa hutarudia.

Mnasema yanapunguza nguvu ya gari. Masega mazima yanapunguza kidogo mno, hata dereva wa mashindano angehitaji mashine kuona tofauti. Mkiyatoa mnapata mngurumo, na dereva akisikia mngurumo anadhani ameongezewa nguvu. Nimewaona wanatoka gerejini vifua mbele, halafu wanafika mlima wa kutoka geti la Ngorongoro kwenda ukingoni mwa kreta, wanapitwa na lori la viazi. Kule juu hewa ni nyepesi, kila gari lisilo na taabo ya kusukumia hewa kwenye injini linachoka. Hilo halina dawa ya grenda.

Kulikuwa na kijana dereva wa Noah aliyebeba abiria kati ya Karatu na Endulen. Alitolewa masega mahali fulani, si kwetu, na aliyemtolea aliunga bomba kwa kuchomelea vibaya, pakabaki ufa chini ya viti vya nyuma. Mnajua ukungu wa kule ukingoni. Kila abiria anafunga kioo na kujikunyata. Wakifika Karatu, walioketi nyuma wanashuka wanayumba, kichwa kinagonga, mmoja anatapika. Kijana akawa anawaambia ni urefu wa mlima, watazoea. Siku moja alimwambia hivyo mzee wa Kimasai aliyekuwa ameziba pua kwa shuka lake tangu njiani. Mzee akamjibu mbele ya stendi nzima, "Mimi nimezaliwa juu ya mlima huo, na baba yangu, na ng'ombe zangu zote. Haujawahi kuniuma kichwa. Gari yako ndiyo inaniuma kichwa."

Kijana aliletwa gereji na abiria wake, siyo yeye aliyejileta. Nilipoingia chini nikauona ule ufa mweusi pembeni, niliogopa, kwa sababu hewa ile haimpi mtu taarifa. Unasinzia tu. Masega yangekuwapo yangeipunguza makali, na bomba lingekuwa limeungwa vizuri isingeingia ndani. Alikuwa ametoa kinga ya kwanza na kuharibu ya pili. Tulimrekebishia yote, na yule mzee alisimama pale mpaka mwisho akifuatilia kila nati kana kwamba gari ni lake. Nilifurahi siku ile, nasema kweli, nilirudi nyumbani naimba.

Sasa tuje kwa masega yaliyoziba, maana hapo ndipo mnaponishinda kwa ubishi. Gari linakuwa zito, linakunywa mafuta, halikubali kupanda hata ukikanyaga mpaka chini. Mnayapima, mnayakuta yameziba, mnayalaumu. Lakini masega hayajizibi. Plagi moja ikifa, silinda yake inatupa petroli mbichi nyuma, na petroli ile inakwenda kuwakia ndani ya masega. Yanakuwa mekundu kama kaa la mkaa, kauri inayeyuka, matundu yanafumba. Sasa anayekata masega na kuiacha plagi mbovu mahali pake, ametibu nini? Mkisikia harufu ya yai viza nyuma ya gari, hiyo ni ishara kwamba petroli inayopita ni nyingi mno. Tafuteni mbele kwanza.

Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nipige kelele kwenye maharage ya Mama Akonaay, na hiki ndicho kisa nilichotaka kuwapa tangu mwanzo.

Nilipostaafu nilihamia Mbulumbulu, kwenye kishamba cha mke wangu. Jirani yetu wa mpakani ni Mama Akonaay, mjane, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Mwaka huu maharage yake yalikubali sana. Chakula cha nyumba yake, mbegu za msimu unaofuata, na mahitaji yote ya wajukuu anaowalea, vyote vilikuwa kwenye lundo moja juu ya turubai mbele ya nyumba, maharage yamekauka vizuri, maganda yakipasuka yenyewe ukiyagusa. Kwa wale msiolima: siku hizi huku lundo kubwa hatulipigi kwa fimbo. Tunatandaza mashina juu ya turubai, trekta linapita juu yake taratibu likizunguka, matairi yanapukuchua, halafu tunapepeta.

Trekta lilikuwa limeahidiwa asubuhi. Likakwama shamba la mbali. Na mchana ule ukungu ulianza kushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ule mweupe mzito unaoleta manyunyu ya siku nzima. Maharage yaliyokauka yakinyeshewa kwenye lundo yanaota kuvu na kuvunda. Mama Akonaay alikuwa anaangalia msitu, anaangalia lundo, anaangalia msitu. Sote tulielewa.

Hapo Margwe akasema, "Shangazi, mimi nina pikapu. Tairi ni tairi."

Margwe ni mtoto wa kaka yake, kijana mpole anayebeba mbao na magunia kwa pikapu yake ya petroli. Wiki ileile alikuwa amenijia kibarazani kulalamika kwamba haivuti mlima. Nilisikiliza injini ikinguruma, nikahesabu mapigo, moja likawa linakosa. Nikamwambia plagi imekufa na masega yanaungua, asiipe kazi nzito mpaka abadilishe. Akanishukuru kwa heshima zote, kisha akaamua atabadilisha baada ya mavuno. Mimi siku ile ya lundo nilikuwa nyuma ya nyumba, nanoa miundu na wazee wenzangu, ambayo ni kazi ya kutuweka mbali na wanaofanya kazi. Niliposikia injini nilidhani trekta limekuja.

Halafu nikasikia harufu. Yai viza. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanitazama kwa jicho kali, akasogeza kigoda chake. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema maharage ya jana yana gesi, tusilaumiane. Watu wakaanza kucheka na kunyoosheana vidole. Mimi nilikwisha kusimama. Nilikwenda mbio, na mjue magoti yangu hayajui neno hilo siku hizi.

Nilipokata kona nikaona pikapu iko katikati ya turubai, gia ya kwanza, inazunguka polepole kama ilivyotakiwa. Mashina makavu yamejisokota chini ya tumbo lake, yamejazana kuzunguka masega. Na moshi mwembamba mweupe unatoka chini ya mlango wa dereva. Wanawake waliokuwa wanageuza mashina kwa fito waliuona wakati uleule. Wote wakapiga kelele: "Simama! Margwe, simama!" Dada mmoja akakimbia mbele ya gari amenyoosha mikono.

Nami nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nikiwa gereji: "Usisimame! Endesha! Toka nje, usisimame!"

Fikirini mlikuwa ninyi ndani ya ile pikapu. Watu wote wanasema simama, mzee mmoja anasema endesha. Moshi unapanda miguuni kwako kupitia tundu la gia, na tangi la petroli liko nyuma yako. Mtu yeyote angefungua mlango na kuruka. Lakini akisimama pale, chuma chekundu kinatulia juu ya maganda makavu, na lundo lote linawaka likiwa na gari juu yake. Kilichokuwa kinazuia moto ni kwamba gari lilikuwa linasogea, halikai mahali pamoja muda wa kutosha.

Margwe alinitazama kupitia kioo, nikauona weupe wa macho yake. Akapiga honi, yule dada akaruka pembeni. Akakata usukani, akakanyaga, pikapu ikavuka turubai ikiburuta mashina yanayofuka, ikaruka tuta, ikaingia kwenye shamba lililolimwa, udongo mtupu. Huko ndiko aliposimama. Akashuka, akakaa kwenye tifutifu. Sisi tukafika na majembe, tukayavuta mashina chini ya gari yakiwa yameshashika moto, tukayafunika kwa udongo. Nilichungulia chini, masega yalikuwa mekundu mpaka kwenye maungio.

Huku nyuma, mstari wa maganda kwenye turubai ulikuwa umeanza kuchomeka. Msichana alikuja mbio na ndoo ya maji. Mama Akonaay akaidaka ile ndoo mkononi mwake, akaiweka chini. "Maji hapana," akasema. "Yasilowe." Akaingia mwenyewe kwa mikono ile mikubwa, akazoa maganda yanayofuka pamoja na maharage yaliyokuwamo, akayatupa nje ya turubai, akarudi, akazoa tena, wanawake wengine wakimfuata. Walipomaliza, turubai lilikuwa na tundu la kuingiza sufuria, na walichopoteza kilijaa ungo mmoja. Lundo lilibaki.

Basi likapigwa kwa fimbo, kama walivyofanya bibi zetu. Kila mtu aliyekuwapo alipewa fito, hata mzee wa kanisa, hata mimi. Margwe alipiga kuliko wote, bila kuinua kichwa. Manyunyu yalianza tukiwa tunafunga gunia la mwisho, tukalisukuma ndani likiwa na matone machache tu mgongoni. Mama Akonaay akalipapasa lile gunia, akaufuta unyevu kwa kanga yake, akavuta pumzi ndefu. Nilisikia raha mpaka kwenye mifupa inayouma.

Najua mnataka kujua ya gari, kwa hiyo niwamalizie. Tulilileta kwenu siku chache baadaye, nyote mlikuwapo. Plagi ilikuwa imekufa kama nilivyosema, na masega yaliyeyuka upande wa mbele, hayakuwa ya kuokoa. Mkataka kuunga bomba tupu. Nikakataa, tukatafuta masega mazima ya gari lililopata ajali, tukafunga plagi mpya kwanza, ndipo tukayafunga na hayo. Sasa pikapu inapanda mlima, na nyuma haina harufu. Turubai la maharage haikanyagi tena, hilo Margwe amekubali mwenyewe.

Lakini nirudi jioni ile ya manyunyu. Tulijazana ndani kwa Mama Akonaay, tumelowa jasho, macho yanawasha kwa vumbi la maganda. Jikoni palikuwa na sufuria ya makande iliyochemka tangu asubuhi, ya maharage mapya aliyoyapukuchua kwa mkono. Kwetu bakuli la kwanza la mavuno linakwenda kwa mwanamume mkubwa kwa umri aliyeko nyumbani, na mle ndani mkubwa nilikuwa mimi. Isitoshe nilikuwa nimeshasimulia mara kadhaa jinsi nilivyoitambua harufu, jinsi nilivyokata kona, jinsi nilivyopiga kelele, na kila mara kona ilikuwa kali zaidi. Nilikaa sawa, nikanyoosha mikono nilipokee.

Mama Akonaay akapita mbele yangu na lile bakuli. Akalipeleka mpaka pembeni mwa mlango, alikokuwa ameketi Margwe amejiinamia, akaliweka mikononi mwake.

Margwe akashtuka. "Shangazi, mimi ndiye niliyetaka kukuchomea maharage. Mpe Babu Fundi, yeye ndiye aliyeyaokoa."

"Babu Fundi alisema maneno mazuri," Mama Akonaay akajibu. "Aliyasema akiwa amesimama chini. Wewe uliyasikia ukiwa umekaa juu ya moto, na hukuruka." Akamgusa kichwani. "Kula, mwanangu."

Margwe akajaribu kula, akashindwa, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajaribu tena.

Bakuli langu lilikuja la pili, na makande yalikuwa matamu.